Saikadi Mbili za Shosho Wamuyu

Nyumba yangu iko kwenye kona, na roshani ya juu inaangalia boma lote la Shosho Wamuyu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza nilijuaje. Nilikuwa naona. Nilikuwa nasikia pia, maana wale watu wakikasirika hawajui kunong'ona. Mimi ni Adero, mwalimu mstaafu, ingawa hapa Lanet hakuna anayeniita kwa jina. Mimi ni Mwalimu tu. Na mwalimu aliyestaafu hana tena madaftari ya kusahihisha, kwa hiyo husahihisha majirani.

Shosho si nyanya yangu, lakini mtaa mzima humwita hivyo. Kila siku baada ya saa kumi nilivuka barabara nikaenda kunywa chai kwake, tukakaa kwenye viti vya plastiki karibu na saikadi zake mbili. Kama huijui saikadi, waza mnazi uliokataa kurefuka: shina fupi nene lenye magamba, na juu yake majani magumu yaliyotandazwa pande zote, yenye ncha za kuchoma. Za Shosho mashina yake yalikuwa yamenifika kiunoni, kabla hata hujafika kwenye majani. Zilisimama moja huku na moja kule, na njia ya kuingia nyumbani ikapita katikati.

Alikuja nazo kutoka Molo, mwaka ule wa ghasia, yeye na marehemu mumewe, mzee Micah. Mzee alikuwa mtunza bustani katika shamba lililowahi kuwa la mzungu, na alikuwa ameotesha miche miwili ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia. Wengine walikimbia na mbuzi, wengine na redio. Shosho alikimbia na mikebe. Siku moja nilimcheka kwa hilo, akaniangalia kama mtoto aliyekosea hesabu rahisi.

"Njuguna alikuwa anatembea, Peterson alikuwa mgongoni," akasema. "Mikono yangu ilikuwa na kazi gani ingine?"

Miti hiyo mmoja ulikuwa dume na mwingine jike. Huwezi kujua mpaka izae, na kuzaa huchukua miaka mingi. Dume hutoa gunzi refu kama la mahindi, ila kubwa kupita mahindi yoyote utakayoyaona Njoro. Jike hutoa kichwa cha kahawia chenye manyoya, kikubwa kama kabichi ya Kinangop. Ukiiacha hivyo hivyo hupati mbegu, kwa sababu huku kwetu hakuna mdudu anayeijua kazi hiyo. Mzee Micah alikuwa amemfundisha mkewe. Gunzi likifunguka, unalikung'utia kwenye gazeti, unapata unga wa manjano. Unachukua unyoya wa kuku, unaupaka ule unga, unauingiza kwenye kichwa cha jike taratibu, kila upande. Kazi hiyo ina siku chache tu, zikipita zimepita. Shosho alikuwa anachomeka unyoya wake kwenye kitambaa cha kichwa, na siku hizo hata chai alikuwa anasahau kunywa.

Mbegu zikitoka, nyekundu kama za kununuliwa dukani, alizipanda kwenye mikebe. Kanisa lilipata mche wake. Mimi nilipohamia hapa nilipata wangu, uko karibu na tenki la maji, na hadi leo haujasema kama ni dume au jike. Lakini kwanza kabisa ilikuwa mimea ya wajukuu. Kila mjukuu alipozaliwa alipandiwa mti wake kando ya ua wa mbele, na alipoanza kusema alionyeshwa: huu ni wako. Njuguna, mtoto mkubwa wa Shosho, na mkewe Tabby walijaliwa wavulana watupu, na wale wavulana wana miti yao hapo, wameipita kimo zamani.

Wasichana ndio hawakupatikana. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo jina la Wamuyu lilikuwa bado linangoja mwenyewe. Peterson, yule aliyekuja mgongoni, alikuwa ameoa msichana mpole wa Gilgil anayeitwa Natalie, na Natalie alikuwa amepoteza mimba mara mbili. Shosho hakuwahi kumsumbua kwa hilo. Kwangu tu ndiko alikosema: "Natalie ndiye ataniletea jina langu. Na huyo nitampandia mti kabla sijafa. Wengine wote wamepata, atakosaje yule anayeitwa mimi?"

Hiyo ndiyo haja aliyokuwa nayo Shosho, na hakuwa na nyingine. Hakutaka shamba, hakutaka ghorofa. Alitaka mche mmoja kwa mtoto mmoja.

Kisha watoto wake wakagawana ploti.

Sina neno na kugawana. Watu wazima wawili hawawezi kuishi maisha yao yote wakitumia geti moja. Mpima ardhi alikuja, akapiga hesabu zake, akachimbia vigingi. Nyumba ya zamani ilibaki upande wa Njuguna, na Shosho ndani yake. Upande wa Peterson ulikuwa wazi, tayari kujengwa. Saikadi zote mbili ziliangukia kwa Njuguna. Nilikuwa nimeketi na Shosho siku Peterson aliposimama kati ya ile miti, mikono kiunoni, akahesabu kwa sauti.

"Nyumba imebaki kwako," akamwambia kaka yake. "Tenki imebaki kwako. Mathe amebaki kwako. Sasa hata miti ni yako yote?"

"Si mimi niliweka beacon," Njuguna akasema. "Enda uulize surveyor."

"Miti ni mbili na sisi ni wawili. Hiyo nayo inataka surveyor?"

Njuguna si mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa anampeleka mama yake kliniki ya magoti, na ndiye aliyekuwa anamnunulia dawa. Lakini ana ule ubaya wa mtoto wa kwanza, wa kutoa kitu kwa namna ya kukulaumu.

"Chukua moja," akasema. "Usije ukasema nilikunyima. Mathe, wewe sema ni gani aende nayo."

Shosho aliweka kikombe chini. "Kama ni lazima zihame, zihame zote mbili. Mpelekeeni Peterson zote."

Nilimwona Njuguna akibadilika uso. Miaka yote hiyo ya kliniki, na sasa mama anatoa miti yote kwa yule mdogo, mbele ya jirani. Hivyo ndivyo alivyosikia. Mimi mwenyewe ningekuwa Njuguna ningesikia hivyo hivyo.

"Yaani mimi nibaki na mashimo?" akauliza.

"Zilitoka Molo pamoja," Shosho akasema.

"Mathe, zilikuwa kwa mikebe," Peterson akasema. "Hizi sasa ni miti. Mimi moja inanitosha."

Akachagua ile kubwa zaidi, ile iliyokuwa ikizaa mbegu, akadhani amepata iliyo bora. Shosho aliinuka akaenda kuangalia maziwa jikoni, na hakuna maziwa yaliyokuwa motoni. Nilimfuata. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia habari ya dume na jike, awaeleze waziwazi kama watoto wa darasa la tatu.

"Wamenikuta na unyoya kichwani tangu wakiwa wadogo," akasema. "Walidhani nilikuwa nafanya nini?"

Nilijua jibu. Hawakuwa wamedhani chochote. Mama yao alikuwa mtu wa kuzunguka bustani, nao walikuwa watu wa kupita.

Njuguna ndiye aliyemtafuta Kiprotich, yule mwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya Nairobi. Peterson siku za kazi yuko Naivasha, na Natalie alikuwa na kazi mjini. Kiprotich alikuja na vijana wake na lori lenye mkono wa kuinulia, na kabla ya kuchimba akakata majani yote. Lazima yakatwe, alisema, mti usiokuwa na mizizi hauwezi kubeba majani. Ni kweli, lakini ukiyaona yakianguka moja moja unatamani kumshika mtu mkono. Shosho aliingia ndani. Alirudi na sufuria ya majivu ya kuni, akayapaka kila mahali palipokatwa, akasisitiza na mizizi pia. Halafu akafunga kitambaa kwenye shina, upande unaotazama mlima Menengai.

"Ukiupanda, kitambaa kiangalie huko huko," akamwambia Kiprotich.

"Sawa, mathe," Kiprotich akasema, na kweli akafanya hivyo.

Jioni hiyo jike lilikuwa limesimama kwenye ardhi ya Peterson, mbele ya msingi wa nyumba mpya, limenyolewa kama mtoto wa bweni. Kiprotich alikuwa anapakia vifaa vyake. Akamwita Njuguna, kwa sababu ndiye aliyemleta, akamwambia jambo moja tu la maana.

"Mzee, maji kidogo sana. Unapea mara moja, unangoja mpaka udongo ukauke kabisa. Huu sasa hauna mizizi. Ukimwaga maji, utakunywa na nini? Utaoza tu."

Njuguna akaitikia kama mtu anayesimuliwa mechi ya timu asiyoishabikia. Mti haukuwa wake tena. Alimweleza mama yake wakila, kwa kupita tu, na habari ikaishia hapo, upande usiokuwa na mti.

Ukuta ulianza kabla mwezi haujaisha. Shosho aliomba kitu kimoja. "Wekeni mlango," akasema. Njuguna akasema mlango ni juu ya Peterson, kwa kuwa ndiye anayehama. Peterson akasema fundi ni wa Njuguna, amwambie aache nafasi. Fundi hakuambiwa na mtu, akapanga mawe mpaka mwisho. Geti la Peterson likafunguka barabara ya nyuma, kwa hiyo ukitaka kutoka kwa Shosho uende kwa mtoto wake, ambaye ungeweza kumrushia limau, ilibidi utoke nje, upite kwa mama mboga, upite posho mill ya kusaga unga, ukate kona, urudi tena chini.

"Mimi sitazunguka barabara kama mgeni kwenda kwa mtoto wangu," Shosho akasema. "Siku wataweka mlango, nitapita."

Nilidhani ni hasira za wiki moja. Nyumba mpya ilimalizika, Peterson na Natalie wakahamia, na Shosho bado hajatia mguu. Peterson alikuwa anakuja kumsalimia, anasimama getini, hataki kukutana na kaka yake. Nao Tabby na Natalie, ambao zamani walikuwa wanasukana nywele, sasa walikuwa wanaongea kwa simu, na kwa kuandikiana tu.

Ndipo Natalie akapata mimba tena. Habari ilinifikia kwa Shosho mwenyewe, amejifunga leso vizuri na anacheka peke yake. "Sasa huo mti usife," akaniambia. "Hata ukikaa miaka miwili, mitatu bila kuzaa, mtoto atangoja. Mradi uko hai, nitatuma unga, mtu atapaka."

Alikuwa amehamisha kiti chake. Badala ya kukaa njiani kama zamani, alikaa karibu na ukuta, na jioni moja nilimkuta ameinua kidole nisiseme. Upande wa pili maji yalikuwa yanamwagika. Yalimwagika kwa muda mrefu, ndoo nzima, kisha nyingine.

"Jana pia," Shosho akasema. "Na juzi. Anaupatia maji kila siku."

Akamwita Tabby. "Mwandikie Natalie. Mwambie waache kuumwagia huo mti maji."

Tabby alikuwa na unga wa chapati mikononi. Alipangusa kidole kimoja, akaandika, akarudi jikoni. Mimi nilimaliza chai yangu nikiamini jambo limekwisha.

Halikwisha. Kutoka juu kwangu nilimwona Natalie akitoka kila jioni, tumbo limeanza kuonekana, na ndoo. Alikuwa amemwambia fundi auzungushie mti ukingo wa saruji, mzuri, umepakwa rangi nyeupe, na maji yalikaa ndani yake kama kwenye karai. Nikazunguka barabara mimi mwenyewe. Natalie alifurahi kuniona, akanipa chai, akanionyesha mti kama mtu anayeonyesha cheti.

"Mwalimu, huu nimeuchukua kama dalili," akasema. "Niliuona umekatwa kila kitu, nikajiona mimi. Nikasema huu nitauangalia. Siku utatoa jani nitajua mtoto yuko sawa."

Sikupenda kuongea, lakini nikaongea. "Natalie, si mliambiwa msiupe maji?"

Uso wake ukafunga. "Tabby aliandika. Niliona. Kwani maji ni yao? Walitoa mti wakiwa wamenuna, sasa wanataka ukauke ndio waseme tuliwanyang'anya na hatukuweza kuuweka."

"Ni Shosho aliyesema. Nilikuwa hapo."

"Shosho yuko kwao, Mwalimu. Atasema nini? Anasema ile wanataka asikie akisema."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kukana. Nilimwambia kwamba mti haujui fitina za watu, unajua maji tu, na kwamba kama ana masikio ayatumie. Niliacha chai nusu nikaondoka. Natalie akabaki amesimama pale na ndoo yake, na kesho yake akaumwagia mti maji kama kawaida. Pengine aliumwagia hata zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na watu watatu wa kuwashinda.

Nikamrudia Shosho. Nikamwambia aache ukaidi, azunguke, aende mwenyewe aseme kwa kinywa chake, maana hakuna neno lolote litakalovuka ule ukuta likabaki safi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema mlango," akajibu.

"Shosho, mti utakufa."

"Nimewatumia neno. Mimi ni mama yao. Mama anaomba mara ngapi?"

Nasikitika hadi leo ninapomkumbuka alivyokaa pale, kichwa kimeegemea mawe, anasikiliza ndoo. Alikuwa anajua kila tone linafanya nini kule chini. Mtu akikuambia kwamba watu wazima hawagombani na mama yao kwa sababu ya mti, mlete kwangu nimpandishe roshani.

Mtoto alizaliwa mwezi wa mvua. Peterson alikuja getini asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu ukuta ujengwe akaingia hadi mlangoni, akampita Njuguna aliyekuwa anaosha gari.

"Mathe," akasema, "Wamuyu amefika."

Shosho alishika fremu ya mlango. Kisha akaanza kutoa amri. Tabby aweke njahi, yale maharagwe meusi, motoni, maana mama mzazi hali kingine mwanzoni. Mimi nitafute shuka lake la bluu. Natalie aliporuhusiwa kutoka hospitali, Shosho hakuuliza tena habari ya mlango wa ukuta. Alinishika mkono akasema twende. Tabby alibeba sufuria. Tulipita kwa mama mboga, na kwa posho mill Shosho akapumzika kwenye gunia la mtu, goti likimuuma, akainuka tena.

Mti ulikuwa karibu na mlango wa mbele, ndani ya ukingo wake mweupe. Haukuwa na jani hata moja. Kitambaa cha Shosho bado kilikuwa pale, kinaangalia Menengai. Shosho alisimama, akainama, akaweka mkono juu ya kile kichwa, mahali majani mapya hutokea. Mkono ukazama. Nilikuwa karibu naye nikapata ile harufu, ya viazi vilivyooza chini ya gunia. Alitoa mkono, akaufuta kwenye nyasi, akafuta tena, akaomba maji ya kunawa. Akanawa mpaka viwiko kisha akaingia kumbeba mtoto.

Alimlaza mapajani, akamwangalia sana. Natalie alikuwa kwenye kochi, amechoka, anatabasamu.

"Umeuona mti, Shosho?" akauliza. "Sijawahi kuuacha bila maji hata siku moja. Hata nikiwa mgonjwa. Utatoa majani lini?"

Tabby aliangalia sakafu. Mimi pia niliangalia sakafu.

"Nilikuwa nasikia," Shosho akasema. "Nakaa hapo nyuma ya ukuta. Nikisikia ndoo, najua ni wewe. Ndio nikamwambia Tabby akuandikie."

Natalie akaacha kutabasamu. "Ni wewe ulisema?"

"Ni mimi."

"Message haikusema ni wewe."

"Nilikuwa na chapati mkononi," Tabby akasema kwa sauti ndogo. "Niliandika tu vile aliniambia. Sikufikiria."

"Mwalimu alikuja kuniambia," Natalie akasema, hamwambii mtu yeyote. "Nikakataa. Nilidhani mnataka ukauke."

"Najua," Shosho akasema.

Natalie alilia vibaya, kilio cha mtu ambaye alikuwa akijizuia miaka. Shosho hakumwambia kwamba si kitu. Alimrudishia mtoto kifuani. "Huyu ulimwangalia akaishi," akasema. "Mnyonyeshe." Kisha akafunua sufuria ya njahi akatafuta kijiko.

Kiprotich aliitwa. Alichimba pembeni akitafuta vichipukizi, kwa sababu saikadi ikifa wakati mwingine huacha watoto wadogo chini. Walikuwa wameoza pamoja na mama yao. Alitoa kila kitu kwa koleo, ikawa mikokoteni miwili ya matope meusi, na kitambaa ndani yake.

Jumamosi iliyofuata niliamshwa na nyundo. Njuguna na Peterson walikuwa wanatoboa ukuta. Hawakumleta fundi. Walikuwa wanapokezana nyundo, mmoja akipiga, mwingine akiondoa mawe, na hawakuongea zaidi ya "shika" na "ngoja". Kufikia saa sita nafasi ilikuwa wazi, na jioni mlango wa mbao ulikuwa umewekwa, na komeo pande zote mbili. Kazi ya siku moja. Nilisimama kwenye roshani nikaona uchungu kuliko siku mti ulipokatwa majani, kwa sababu siku ile ya majani angalau hatukuwa tumejua kwamba mlango ni kazi ya siku moja.

Dume bado liko. Mwaka jana lilitoa gunzi, kubwa ajabu, na lilipofunguka upepo ukamwaga unga wake juu ya viti na juu ya kufuli la geti. Shosho alileta gazeti akaukung'uta. Sijui ni mazoea au ni nini. Aliukunja vizuri, akasimama nao katikati ya njia hana pa kuupeleka, halafu akanipa mimi. Nimeuweka kwenye friji, kwenye barafu, karibu na samaki. Kila asubuhi naenda kuangalia mti wangu karibu na tenki. Bado haujasema kama ni jike, na Shosho miaka yake inakwenda.

Wamuyu mdogo sasa anakimbia, na ana mdomo. Juzi alikuwa na binamu zake kule mbele, wanamwonyesha miti yao, wanajigamba nayo kama wanaume wanavyojigamba na magari. Akaenda kwa Shosho, akamvuta leso.

"Shosho, wangu ni gani?"

Njuguna alikuwa amesimama hapo na mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Shosho akanyoosha kidole kwenye lile dume kubwa.

"Wako ni ule. Ni mkubwa kuliko wa wote."

Wavulana walilalamika kwamba hiyo si haki. Njuguna aliwanyamazisha. Alikohoa, akasogea karibu na mama yake.

"Basi tuupeleke upande wake," akasema. "Nitamwita Kiprotich. Safari hii tutafanya vizuri, Mathe. Peterson atakubali."

Alikuwa anasema kwa moyo wote, na nilimhurumia. Lakini Shosho alitikisa kichwa.

"Hakuna mti utahamishwa tena hapa," akasema. "Mtoto ana miguu. Na mlango uko."

Mtoto hakuelewa chochote ila kwamba ana mti. Alikimbia akapita mlangoni kwenda kwao, tukamsikia akiita mama yake, tukasikia bomba. Alirudi polepole sana, ulimi nje, ameshika kikombe cha plastiki kilichojaa hadi ukingoni, anakwenda moja kwa moja kwenye mti wake. Natalie alikuwa nyuma yake. Aliona anakokwenda, akaharakisha, akachuchumaa mbele ya mtoto, akafunika kile kikombe kwa kiganja.

"Huu hapana, mami," akasema. "Huu tunauangalia tu. Twende tupatie sukuma."

Wakaenda kwenye mboga kando ya jikoni, wawili hao, wameshika kikombe pamoja. Shosho alikuwa amefumba macho kwenye kiti chake, anasikiliza maji yakimwagika.